Rivyu ya umount ya Linux: miaka 6 naitumia kila siku studio

Wakuu habari zenu. Watu wanarivyu simu, spika, majiko ya gesi, mi leo nataka nirivyu kitu ambacho hakiuzwi dukani na wengi mnakitumia bila kukijua, amri ya umount kwenye Linux (mfumo wa kompyuta kama Windows), ile ya kufunga flashi au diski vizuri kabla hujaichomoa. Mi kazi yangu ni video za harusi, send-off na kitchen party, naeditia kwenye Linux huu mwaka wa 6 sasa, na kila kazi inaisha vilevile, mteja amekaa pale kwenye benchi anasubiri video yake kwenye flashi. Kwa hiyo hii amri naipiga mara nane, kumi kwa siku.

Kwanza jina. Ni umount, haina n ya kwanza, ukiandika unmount terminali (lile dirisha la kuandika amri) inakwambia haijui hiyo amri na wengi wanaoanza wanakwama hapo hapo. Jina limekuwa hivyo tangu Unix (mfumo wa zamani ambao Linux imeuiga) ya mwaka 1971 kule maabara ya Bell Labs, Marekani, Linux ikalirithi, zimepita zaidi ya miaka 50 na n haijarudi.

Sasa niwaambie kwa nini naipenda, na naanza na siku niliyoumia. Mwanzoni nilikuwa nakopi video, naona ule mstari wa kukopi umejaa mpaka mwisho, nachomoa flashi nampa mteja, basi. Siku moja mama mzaa bi harusi kachukua flashi yake kaondoka, jioni kapiga simu, "Mwanangu, mbona picha imegoma pale wanapokata keki?" Nikajua ni TV yake, nikamwambia mama jaribu kwenye laptopu, akajaribu, pale pale kwenye keki. Kesho yake kairudisha, nikaangalia faili lipo, saizi yake inasoma GB 1.8 kamili kama la kwangu, lakini kuanzia katikati ndani hamna kitu. Iliniuma sana kwa sababu yule mama alikuwa ameshaita ndugu nyumbani waje waangalie.

Kumbe ukikopi kwenye Linux data haiendi moja kwa moja kwenye flashi. Keneli, yaani kiini cha Linux, inaipokea kwanza kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), inakwambia nimeshachukua, halafu inaandika kwenye flashi taratibu yenyewe. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa kwenye RAM kama sekunde 30 ndo ianze kuhesabiwa kuwa imechelewa, na keneli inaruhusu mpaka kama asilimia 20 ya RAM iliyo wazi ijae data ya namna hiyo kabla haijaanza kuikaba programu inayoandika. Mi laptopu yangu ina RAM ya GB 16, kwa hiyo video ya GB 1.8 inaingia yote mle, mstari unajaa kwa sekunde chache, na kwenye flashi bado hakijafika hata robo.

Ukitaka kuona kwa macho yako fungua terminali uandike watch -n1 grep Dirty /proc/meminfo (Dirty ni data ambayo bado haijaandikwa), acha wazi, kopi kitu kikubwa. Nilivyofanya mara ya kwanza ile namba iliruka ikafika karibu milioni 1.8, hizo ni kilobaiti, halafu ikaanza kushuka polepole, flashi yangu ya bei ndogo inaandika kama MB 8 kwa sekunde, piga hesabu, ni karibu dakika 4. Dakika 4 nzima mstari wa kukopi ulishaniambia tayari! Na hapo katikati ndo nilikuwa nachomoa.

Umount ndo inayokupa jibu la kweli. Ukiipiga, keneli inaangalia kwanza kama kuna mtu bado anatumia ile flashi, kama hakuna inaiondoa kwenye orodha asiingie mtu mpya, inasukuma kila kilichobaki kwenye RAM mpaka kiishe, inaachia kumbukumbu za mafaili yote, mwisho kabisa inaandika kwenye flashi yenyewe kwamba nimefungwa vizuri. Ile alama ya mwisho ni ya muhimu, ndo maana ukichomoa kibabe siku ukiirudisha keneli inalalamika kwenye dmesg (orodha ya ujumbe wake) kwamba haikufungwa vizuri na inakuomba upige fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Watu wanasema umount inachelewa, imeganda. Haijaganda wakuu, inafanya kazi mliyodhani imeshaisha. Msiikatize, muacheni mteja anywe soda.

Kingine ninachokisifu ni kwamba inakataa. Ukiwa bado una kitu kimefunguka kwenye flashi inakujibu "target is busy" na haigusi chochote. Zamani nilikuwa nakasirika, sasa hivi nashukuru, maana nusu ya hizo mara ni mimi mwenyewe nimeingia kwenye foda la flashi kwa terminali nikasahau kutoka, au VLC, programu ya kuchezea video, bado imeshika video nimeipozi nyuma ya madirisha mengine.

Ila hapa ndo nakata nyota. Inakwambia kinatumika, haikwambii NANI anakitumia. Zamani ule ujumbe ulikuwa unakuongezea kwamba jaribu lsof au fuser, amri za kuonyesha nani kashika faili, matoleo ya siku hizi hata hiyo wameitoa, mtu mgeni anabaki anashangaa skrini. Dawa yake ni fuser -vm halafu njia ya flashi (foda inapofungukia), itakuletea jina la programu na herufi, ukiona c ujue kuna programu imesimama ndani ya foda la flashi, ukiona f au F kuna faili limefunguliwa, F kubwa ni la kuandikwa. Unaenda unaifunga, unarudia umount, inakubali.

Na msidanganywe na zile njia za mkato. Ukiuliza uliza mtu atakwambia weka -l mbele ya umount itakubali tu. Itakubali ndiyo, kwa sababu -l inaiondoa flashi isionekane kwenye mafoda papo hapo, lakini kufunga kwenyewe kunasubiri mpaka wote walioshika waachie, kwa hiyo terminali inarudi fasta wewe unachomoa na kumbe huko chini bado kunaandikwa, umerudi kulekule kwa mama wa keki. Hiyo -f nayo imewekwa hasa kwa ajili ya seva za mtandao za NFS zilizokata mawasiliano, kwa flashi haikusaidii kitu. Ambayo wengi hawaijui na mi naipenda ni -r, ikishindwa kufunga inajaribu kuirudisha iwe ya kusoma tu, angalau hakuna kipya kinachoandikwa.

Kwa wenye eksteno (diski za nje) za kuzunguka, umount peke yake inafunga mafaili lakini diski inabaki inazunguka, ukiinyanyua hivyo unaihatarisha. Baada ya umount mi napiga udisksctl power-off -b /dev/sdb, nasubiri mlio ushuke ndo nagusa waya. Angalieni herufi ya diski yenu kwa lsblk, amri ya kuorodhesha diski, kwanza, sio lazima iwe sdb.

Kwa wasiopenda terminali kile kialama cha kuejekti pembeni ya jina la flashi kinafanya kazi hiyohiyo, tatizo ukikibonyeza na data ni nyingi ujumbe wa kusubiri ni rahisi kuupita bila kuuona. Mi nabaki na terminali, ikirudi nimejua.

Nyota 4 kati ya 5, ya tano nitaipa siku itakayotaja jina la aliyeshika.

Na kitu kimoja nilichobadilisha studio mwaka huu, nimeshusha kiwango cha data inayoruhusiwa kukaa kwenye RAM, sudo sysctl vm.dirty_bytes=67108864, hiyo ni MB 64, na vm.dirty_background_bytes, kiwango ambacho keneli inaanza kuandika yenyewe nyuma ya pazia, nikaweka nusu yake. Kukopi kunaonekana kwa pole kuliko zamani kwa sababu mstari sasa unaenda na mwendo halisi wa flashi, wateja wawili watatu waliuliza mbona leo mashine nzito, lakini ukifika mwisho umount inachukua kama sekunde 8 tu, na mteja anaona mwenyewe, anapokea flashi yake anaondoka.