Uzamili wa uongozaji wa tamthilia London: ulizia waigizaji kabla ya kulipa ada

Nimesoma shahada ya uzamili ya uongozaji wa tamthilia katika chuo kimoja cha London, kozi ya mwaka mmoja. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea kwenye jambo ambalo vijitabu vya vyuo hulipita kimyakimya: mwongozaji mwanafunzi anapewa waigizaji wangapi, kwa saa ngapi kwa wiki, na hao waigizaji ni akina nani?

Chuo kikiwa na kozi ya uigizaji, na ratiba zikapangwa pamoja, una watu wa kufanya nao kazi. Vinginevyo mtaigiziana kwa zamu ninyi waongozaji wenyewe, na mwongozaji ni mwigizaji wa taabu, kwa sababu muda wote analiongoza onyesho lako kichwani mwake. Uliza kwa barua pepe, upate jibu la maandishi.

Muhula wa kwanza ni wa kuchambua andiko, na hapa ada imerudi yote. Unaigawa tamthilia kufuata matukio, yaani kila pale linapotokea jambo linalobadili wanachokitaka waliopo jukwaani. Halafu kila kauli unaipatia kitenzi elekezi: namtisha, namlaghai, namtuliza. Njia hii ilipata umaarufu Uingereza kupitia mwongozaji Max Stafford-Clark. Inakoharibika ni pale mtu anapoandika hali badala ya tendo. Ukimwambia mwigizaji "una hasira", atakunja uso na kupaza sauti, basi. Ukimwambia "mfedheheshe mbele ya mkwewe", mwili wake unajua pa kwenda. Uchambuzi wa onyesho moja la kurasa nane unaweza kula siku nzima mezani, na bado vitenzi vingi vitabadilika mkishasimama.

Kisha mnahamia kwenye modeli ya jukwaa. Kipimo cha Uingereza ni 1:25, kwa hiyo sentimita 4 ni mita moja, na mtu wa mita 1.75 ni kikaragosi cha karatasi ngumu chenye urefu wa sentimita 7. Tengeneza vikaragosi hivyo kabla ya kusifia mandhari. Modeli ikitazamwa kutoka juu hupendeza daima. Shusha jicho hadi usawa wa kiti cha pembeni kabisa ndipo utaona ukuta wako unawaficha waigizaji wawili.

Baada ya hapo msimamizi wa jukwaa anabandika ramani ya jukwaa kwa tepu za rangi kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi, kwa vipimo halisi. Chumba kikiwa kidogo kuliko jukwaa, mtabana nafasi, na mkifika ukumbini maneno yatakwisha kabla mwigizaji hajaifikia meza. Dai chumba kinachotosha, au kata ukubwa wa jukwaa mapema.

Zoezi la ufundi ndilo linalowaumbua wengi. Mnaruka mazungumzo na kwenda kutoka badiliko moja la taa au sauti hadi lingine. Msimamizi wa jukwaa anatamka "tayari", kisha "nenda", na ndiye peke yake anayetoa amri kwa mafundi. Mwongozaji anayekatiza ili kurekebisha uigizaji anakula muda wa taa, na nusu ya mabadiliko yatajaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji.

Kwa tamthilia utakayoiandaa mwishoni mwa kozi, omba haki za kuigiza miezi kadhaa kabla. Mwenye haki anaweza kukataa ikiwa ukumbi mkubwa unaiandaa tamthilia hiyohiyo. Mtanzania anaweza kufikiria Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kwa kuwa ipo tafsiri ya Kiingereza ya mwandishi mwenyewe. Ila ina wahusika wengi, na mwanafunzi hupewa waigizaji wachache, kwa hiyo chora jedwali la nani anabeba nafasi zipi kabla ya kuipendekeza. Nadharia na insha zilikuwa za kawaida tu.

Upande wa fedha, Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, hailipii kozi inayozidi miezi 12. Kozi za MFA (uzamili wa sanaa wa vitendo) za miaka miwili zinaanguka hapo. Anayeweza kukaa miaka mitatu ajaribu David Geffen School of Drama ya Yale, Marekani, isiyotoza ada tangu 2021, ingawa nafasi za waongozaji ni za kuhesabu kwa vidole. Uingereza, pamoja na ada, kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya miezi 12 viza huongezwa miezi minne, hivyo utalipa tozo ya mwaka mmoja na nusu, pauni 1,164, na hulipwa zote wakati wa kuomba viza.

Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, lakini inakataza kujiajiri. Waongozaji wa Uingereza kwa kawaida hulipwa kama watu waliojiajiri, kwa hiyo kazi ya kulipwa ya uongozaji msaidizi, hata ukiipata ukiwa masomoni, huenda usiweze kuipokea. Mafunzo kazini yaliyo sehemu ya kozi na yenye alama yanaruhusiwa. Viza ya wahitimu, inayoombwa baada ya kumaliza kozi, inaruhusu kujiajiri kwa miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 ni miezi 18.