Canter ya nyanya iliyonihamishia mimea Dodoma

Nimehama Tabata kwenda Dodoma na mimea ya ndani inayozidi mia. Kama nawe umepata uhamisho na unaviangalia vyungu vyako hujui umkabidhi nani, ushauri wangu ni huu: usianzie kwa kampuni za kuhamisha samani. Nenda soko la Ilala, pale wanaposhusha nyanya na hoho, ukamtafute dereva wa mbogamboga.

Mimi nilianzia kwenye kampuni. Kijana aliyekuja kukadiria alihesabu makochi, friji na kabati, alipofika barazani akasema maua yatapandishwa mwisho juu ya mzigo, na yakivunjika ni juu yangu. Gari lao ni boksi la bati, na wanasafiri mchana. Kangaga hakai kutwa nzima ndani ya bati linalochomwa na jua la Chalinze akashuka mzima. Samani niliwapa, mimea nikakataa.

Dereva niliyempata Ilala ni mtu mzima, na kazi yake ni kuleta nyanya Dar kutoka Ilula. Nilimweleza hofu yangu ya matuta na mashimo. Akanijibu taratibu: “Mama, tuta litakuharibia tenga moja. Joto litakuozeshea gari zima.” Hapo nikaacha kutafuta mwingine.

Kabla hajataja bei aliomba kuja kuiona mimea. Alinyanyua vyungu kimoja kimoja akipima uzito, akaniagiza nisimwagilie tena isipokuwa kangaga, kwa sababu udongo uliolowa ni mzigo na chungu kikilala tope linamwagika. Siku ya kupakia ndipo nilipoona ufundi wake. Vyungu vizito vilikaa chini, ubavu kwa ubavu, na kila pengo likashindiliwa majani makavu ya mgomba. Juu yake akalaza mbao kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine, akazikaza kwa manila ikawa kama dari, na juu ya dari hiyo yakapangwa matenga yenye vyungu vidogo. Mnyaa na dungusi vilitengwa kona ya nyuma, maana utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni ni hatari.

Monstera yangu kubwa aliifunga mwenyewe. Aliyakusanya majani kuelekea juu, akaizungushia kanga kuukuu kuanzia chini, polepole kama anayemfunga mtoto mbeleko, kila jani likiwa limelalia mwenzake bila kukunjika. Kisha turubai. Pembeni alifunika kote, akaacha upenyo mdogo juu ya kichwa cha gari na mwingine nyuma, ili hewa ipite juu ya majani na si katikati yake. Upepo wa gari linalokimbia hukausha jani kuliko unavyodhani.

Waliondoka saa tatu usiku, mpwa wangu akiwa kwenye kabini. Gairo walisimama kukagua kamba na kuchungulia ndani ya turubai kwa tochi. Jua halijachomoza wakawa wameshaingia Kisasa.

Miurujuani ya Usambara, yale maua madogo ya chunguni yanayoitwa African violet, sikumpa mtu. Nilitangulia nayo kwa treni ya SGR, ikiwa kwenye katoni mapajani, kwa sababu majani yake yana manyoya na vikonyo vyake hukatika kwa kuguswa tu. Huu ni mmea wa kwetu Tanga. Wanasayansi waliupa jina la Saintpaulia mwaka 1893 kutokana na mbegu zilizopelekwa Ujerumani, na leo uko madirishani dunia nzima. Ulifika bila kupoteza ua.

Sasa lawama, maana zipo. Turubai lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na kroton zilizokaa chini yake zilichanwa vibaya na upepo. Kagua turubai mchana, lote, kabla hujatoa malipo ya awali. Jambo la pili limeniuma zaidi: hakuwa amepanga watu wa kushusha Dodoma. Vijana waliokuja walitafutwa mtaani asubuhi ile, na mmoja akainyanyua monstera kwa kushika shina badala ya chungu. Ilichomoka, nusu ya mizizi ikabaki kwenye udongo. Dereva alimshusha yule kijana, akapanda kumalizia kazi mwenyewe, na hilo namshukuru, lakini watu wa kushusha wangepaswa kuwa ndani ya makubaliano tangu Dar.

Kuna ambayo sitamlaumu. Fikasi ilipukutisha majani wiki iliyofuata, ila hiyo ni tabia ya fikasi ikibadilishiwa mwanga. Kangaga wamekauka ncha, kwa sababu Dodoma ya Agosti ni kavu na ina upepo, tofauti kabisa na unyevu wa pwani. Nimewakusanya bafuni, na machipukizi mapya yameanza kutoka. ZZ hata haikushtuka. Ni mmea wa mwitu wa huku huku Afrika Mashariki, unaweka maji kwenye vigogo vyake vilivyovimba chini ya udongo, na ungekaa kwenye gari siku kadhaa bila kulalamika.

Bei aliyotaja kwanza ilikuwa laki tisa kwa mimea peke yake, ambayo ni hela nyingi. Tulimaliza kwa laki sita na nusu, kwa kuwa alikuwa na zabibu za kurudi nazo Dar. Kwa hiyo ukimpata dereva wa namna hii, kabla ya kumuuliza bei muulize anarudi na nini, na kama hana mzigo bado na wewe unaweza kusubiri, msubiri apate.