Dayalisisi au figo mpya?

Kwa mgonjwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambaye figo zake zimeshindwa kazi, dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, huvutia kwa kuwa hulipwa kidogo kidogo. Lakini ni mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila kikao, pamoja na mirija na maji yaliyosafishwa. Umeme ukikatika, muuguzi huzungusha pampu kwa mkono ili damu irudi mwilini. Ukiruka kikao, madini ya potasiamu hupanda kwenye damu na moyo waweza kusimama.

Figo mpya hudai fedha kwa mkupuo, mtoaji anayelingana na safari, labda Kigali, ambako upandikizaji ulianza 2023. Katika nchi nyingi, miaka ikipita, figo mpya huubana mfuko wa umma kidogo kuliko mashine. Ila takrolimasi, dawa ya kuilinda figo hiyo, kwa kawaida humezwa kila saa 12, maisha yote. Ikikosekana, mwili waweza kuikataa figo.

Mwenye ndugu mtoaji apige kwanza hesabu ya dawa za mwaka. Asiye naye, mashine iliyo karibu na nyumbani.