EPRA na Gazeti Rasmi: zinakuonya mapema kiasi gani kuhusu bei ya stima?

Anayetaka kujua bei ya stima nchini Kenya inaelekea wapi ana milango miwili: tovuti ya EPRA, mamlaka inayodhibiti sekta ya nishati, na Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa, pamoja na matoleo yake maalum. Kote ni bure. Tunachopima hapa ni kimoja tu: zinakuambia kabla, au zinakuarifu yakishakupata?

Kwa bei ya msingi, tunaipa huduma hii alama za juu. Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, haiwezi kuipandisha kwa kuamka tu asubuhi. Lazima iwasilishe ombi, wananchi wasikilizwe, ndipo EPRA iamue. Ombi lenyewe ndilo la kusoma, si tangazo la mwisho. Na ukilisoma, usiishie kwenye bei. Tazama mipaka ya madaraja ya matumizi, maana hapo ndipo wengi huumia bila kujua. Bei zilizoanza 1 Aprili 2023 zilishusha kikomo cha daraja la chini la majumbani kutoka uniti 100 hadi 30. Hadi uniti 30 ikawa shilingi 12.22 kwa uniti, 31 hadi 100 ikawa 16.30, na zaidi ya 100 ikawa 20.97. Ukivuka mpaka, uniti zote huhama nawe, si zile za ziada pekee. Uniti 29 kwa 12.22 ni shilingi 354. Uniti 31 kwa 16.30 ni shilingi 505. Uniti mbili tu, tofauti ya shilingi 151, na kodi bado haijaingia! Kwenye mita ya tokeni daraja hufuata wastani wa miezi mitatu, kwa hiyo mwezi mmoja wa wageni na hita ya maji unaweza kukuandama hata wageni wakishaondoka.

Nyongeza za kila mwezi ni habari nyingine, na hapa alama zinashuka. Kuna gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, kuna marekebisho ya thamani ya shilingi (FERFA), na kuna ya mfumuko wa bei ambayo hupitiwa kila miezi sita. Tangazo la nyongeza hizi gazetini husema linahusu mita zitakazosomwa mwezi huo. Maana yake, mwenye kulipa kwa bili anatozwa kiwango cha mwezi huu kwa stima aliyokwisha kutumia mwezi uliopita. Hakuna la kufanya tena. Viwango vyenyewe huandikwa kwa senti, katika Kiingereza cha kisheria. Ukiona 350, ni shilingi tatu na nusu kwa uniti, usishtuke.

Haya, fanya hesabu. Tuseme uko daraja la 16.30, mafuta ni shilingi 3.50 na FERFA ni shilingi 1. Jumla 20.80. VAT ya asilimia 16 ni 3.33. Tozo ya stima vijijini, asilimia 5 ya bei ya msingi, ni senti 82. Ongeza tozo ndogo za EPRA na za maji, unakaribia shilingi 25. Elfu moja inakupa uniti 40 hivi. Mafuta yakipanda kwa shilingi moja, VAT nayo hupanda juu yake, unabaki na uniti 38. Ndiyo sababu ujumbe wa tokeni huwa na mstari wa "OtherCharges": weka ujumbe wa kila mwezi, gawanya kiasi ulicholipa kwa uniti ulizopata, linganisha. Lakini ukinunua mwezi ambao daraja lako limebadilika, ulinganisho huo utakudanganya.

Kwa kuwa tangazo huchelewa, dalili za mapema utazipata nje ya gazeti. Ya kwanza ni dola: mikataba mingi ya kununua umeme na mikopo ya mitambo hulipwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ilipopita 160 kwa dola Januari 2024, FERFA ilivimba; iliporudi karibu na 130 miezi michache baadaye, ikanywea. Ya pili ni mvua. Tazama kina cha bwawa la Masinga, linalojaa kwenye mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likikauka, mabwawa ya chini yake kwenye mto Tana hupungukiwa pia, na mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa hubeba mzigo. Ya tatu ni bei ya mafuta yenyewe duniani.

Kwa majirani wa Tanzania, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji huko, hufuata njia kama hiyo, lakini usidhani agizo lake ndilo neno la mwisho. Desemba 2016 iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5 baada ya TANESCO, shirika la umeme la huko, kuomba zaidi ya asilimia 18. Waziri wa nishati akalisimamisha kabla halijaanza Januari. Huko, usibadilishe bajeti yako mpaka tarehe ya kuanza ipite.