Uzoefu wangu na kipimo cha moshi: jinsi uvujaji wa hewa kwenye manifoldi ya IST yangu ulivyopatikana

Gari langu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, na kwa miezi minne lilikuwa na tabia moja iliyonikosesha raha. Nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, mguu ukiwa kwenye breki, mshale wa mizunguko ulishuka hadi 500, ukapanda hadi 1,100, kisha ukashuka tena, na nikiwasha kiyoyozi injini ilitetemeka kama inayotaka kuzima. Barabara ikifunguka, gari lilikimbia vizuri kana kwamba halijawahi kuugua. Baadaye taa ya injini ikawaka.

Kabla ya kufika kwenye gereji ninayoieleza hapa, nilikuwa nimekwisha kutumia fedha nyingi kwa kubahatisha. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote 4 na koili moja. Wa pili alisafisha throto, yaani mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini, na kunishauri nibadilishe sensa ya oksijeni, nami nikanunua ya mtumba Ilala. Wote wawili walisoma msimbo uleule, P0171, unaomaanisha kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta una hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta; wakaufuta, nao ukarudi baada ya siku chache. Huyo wa pili alifanya pia jambo ambalo hadi leo linanitia hofu: alipulizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, huku injini ikiunguruma na ikiwa ya moto, akisikiliza kama mlio utabadilika. Najua njia hiyo ni ya zamani na imewasaidia wengi, lakini dawa ile hushika moto upesi, na mimi nisingemruhusu tena mtu aifanye kwenye gari langu.

Gereji iliyonisaidia iko Tabata. Nililipia uchunguzi wa uvujaji wa hewa kwa mashine ya moshi, shilingi 60,000, matengenezo yakihesabiwa kando. Neno la kwanza aliloniambia fundi lilikuwa, "Dada, leo usinunue spea yoyote kwanza." Kisha akaunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na badala ya kuishia kwenye msimbo kama wenzake, alifungua ukurasa unaoonyesha ni kiasi gani cha mafuta kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Injini ikizunguka bila kukanyagwa, nyongeza ilikuwa asilimia 24. Alipoikanyaga hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo, nyongeza ilishuka hadi asilimia 5.

Tofauti hiyo ndiyo iliyobeba jibu, na ninaieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza. Sensa ya hewa hupima ile tu inayopita ndani yake. Hewa inayojipenyeza baada ya sensa, kwa mfano kupitia gasketi iliyokakamaa, haihesabiwi, lakini inaingia kwenye silinda na oksijeni yake inaonekana kwenye ekzosi, hivyo kompyuta inalazimika kuongeza mafuta. Throto ikiwa karibu imefungwa, mvuto, yaani nguvu ya injini kufyonza hewa, ndani ya manifoldi ni mkubwa na hewa inayohitajika ni kidogo, kwa hiyo hewa hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Throto ikifunguka, mvuto unapungua na hewa halali inakuwa nyingi, basi ule uvujaji unamezwa. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu au filta ya mafuta iliyoziba, nyongeza ingepanda kadiri injini inavyofanya kazi zaidi, si kushuka.

Alithibitisha kwa geji ya mvuto, ambayo ilitulia kwenye inchi 15 za zebaki. Hapa Dar es Salaam tuko usawa wa bahari, hivyo injini nzima inatakiwa kuonyesha kati ya 17 na 21; fundi wa Arusha angetarajia namba ndogo zaidi kwa sababu hewa ya nyanda za juu ni nyepesi.

Ndipo ukaja moshi wenyewe. Injini ilizimwa, bomba la hewa likazibwa baada ya sensa, na moshi wa mafuta mepesi yaliyochemshwa ukaingizwa kwa shinikizo dogo sana, chini ya psi 1, ili usiharibu sili zilizo nzima. Baada ya kama dakika mbili, akimulika kwa tochi, tuliuona ukitoka sehemu mbili: kwenye kona ya mpira unaotoa mvuke wa oili kwenye kifuniko cha valvu, uliopasuka upande wa chini ambako jicho halifiki, na kwenye maungio ya manifoldi karibu na silinda ya nne. Kuona kwa macho yangu kitu nilichokitafuta kwa miezi minne kulinigusa kweli. Fundi alikuwa mwaminifu pia kunieleza kwamba moshi haufichui kila kitu, kwa kuwa upo uvujaji unaojitokeza injini ikipata moto tu. Kwa hiyo aliubana kwa muda mpira wa buusta ya breki (kifaa kinachotumia mvuto huohuo kuifanya breki iwe nyepesi kukanyaga) injini ikiwa inaunguruma, akahakikisha huko hakuna tatizo.

Gasketi na mpira mpya nilivinunua Gerezani kwa jumla ya shilingi 45,000. Manifoldi ya injini hii ni ya plastiki, na nilifurahi kumwona akikaza bolti kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, bila kulazimisha.

Yapo mambo ambayo hayakunipendeza. Nilipewa miadi ya saa tatu asubuhi, gari likaguswa saa sita. Risiti iliandikwa "matengenezo ya injini" tu, bila namba hata moja, ilhali mteja anayelipia uchunguzi anastahili kupewa majibu ya uchunguzi kwa maandishi. Zaidi ya yote, walitaka kunikabidhi gari bila kupima upya, na ilibidi niombe. Walipokubali, walifuta kwanza marekebisho ambayo kompyuta ilikuwa imejizoesha, tukaenda na kurudi hadi Buguruni, na vipimo vikatoka hivi: nyongeza asilimia 2, geji inchi 19, mizunguko 700 bila kuyumba. Upimaji huo wa pili ndio unaothibitisha kwamba kazi imefanyika, na haukupaswa kusubiri ombi langu.

Wiki ya sita sasa, taa haijawaka, na kwenye foleni ileile ya Mwenge nawasha kiyoyozi bila wasiwasi. Gereji hii nitaitumia tena, na nimekwisha kumpeleka jirani yangu. Fundi alinionyesha mpira mdogo wa mvuke wa petroli ambao umeanza kukauka ingawa bado hauvuji. Nitaubadilisha nitakapokwenda kumwaga oili.