Huduma ya wasio na makao Malindi: dawa ipo, pa kulala hapana

Upande wa tiba, huduma hii inastahili sifa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure: miezi 2 dawa nne, kisha miezi 4 dawa mbili. Methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu wa unga (heroini), hunywewa kliniki kila siku, mbele ya mhudumu. Lakini mgonjwa akitoka pale anarudi kulala barazani, vidonge vya kifua kavifunga kwenye pindo la kikoi. Alfajiri vimelowa umande, au vimeibwa. Na akikosa methadoni siku 3 mfululizo, dozi mara nyingi hushushwa na kupandishwa upya taratibu. Hapo ndipo wengi hurudia unga.

Kinachokosekana ni fedha za chumba. Mwaka wa bajeti ya kaunti huanza Julai 1; mgao wa Nairobi ukichelewa, mwenye nyumba hasubiri. Fungu la dawa na la kodi yashikwe na mkono mmoja, na afisa mmoja amfuate mgonjwa: kwanza kitambulisho, maana bila hicho usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, hukwama, kisha chumba karibu na kliniki, kodi ya miezi 6 ikilipwa mapema.