Chumvi ya majaruba ya Bagamoyo kwa bwawa la kuogelea: inafaa, ukijua kuchagua kiroba

Mwenye bwawa la maji ya chumvi nyumbani Bagamoyo ana nafasi ambayo mwenzake wa Dodoma hana: chumvi inavunwa jirani. Majaruba ya Nunge yako karibu na mji, na kiroba cha kilo 50 hakilipiwi usafiri wa mbali. Je, chumvi hiyo inafaa kwa bwawa lenye mashine ya klorini, ile inayotengeneza klorini kutoka kwenye chumvi kwa kupitisha umeme kati ya sahani zake, au ni lazima kununua ile ya mabwawa iliyoagizwa nje? Inafaa. Ukipata iliyovunwa vizuri, hatuoni sababu ya kuagiza nyingine. Shida ni kwamba viroba havilingani, na kiroba kibaya kitakudai gharama yake baadaye kwenye kuta za bwawa na kwenye sahani za mashine.

Tofauti huanzia jarubani. Maji ya bahari yanapokauka juani, jasi hutangulia kuganda, ikifuata chumvi yenyewe, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesi na bromaidi nyingi. Mvunaji makini huyamwaga maji hayo kabla ya kukokota chumvi, akaiosha kwa maji ya chumvi yaliyokolea, kisha akaiacha ichuje. Asiye makini huzoa vyote pamoja. Chumvi yake utaijua kwa mkono: ina unyevu usiokwisha, kiroba kinatoka jasho hata kiangazi, na ukiionja inaacha uchungu mdomoni. Hiyo iache dukani. Magnesi huongeza ukoko kwenye sahani. Bromaidi nayo ikikutana na klorini hugeuka bromini, ambayo jua huimaliza haraka na dawa ya kukinga klorini dhidi ya jua haiwezi kuiokoa.

Kwa sababu hiyohiyo tunapinga kuchota maji ya bahari na kuyamwaga bwawani. Hesabu inashawishi, maana sehemu moja ya maji ya bahari kwa tisa za maji matamu hukupa karibu 3,500 ppm (sehemu za chumvi kwa milioni za maji) bila kununua hata kilo. Lakini unaingiza magnesi yote, bromaidi yote, salfeti na uchafu wa viumbe, na mashine itahangaika na mzigo huo kila siku.

Chumvi ya pakiti ya jikoni nayo si chaguo letu. Imewekwa madini joto, ambayo bwawa halina haja nayo, na baadhi huwa na kemikali ya kuzuia kugandamana yenye chuma ndani yake. Chuma huacha madoa ya kahawia. Muulize muuzaji chumvi ya chenga ambayo bado haijawekwa madini joto, nyeupe, kavu, isiyo na wekundu wa udongo.

Kabla ya kubeba viroba, nunua kilo moja uijaribu. Yeyusha gramu 100 kwenye lita moja ya maji safi ndani ya chupa angavu, uiache saa moja. Tope jembamba chini linavumilika, kwa kuwa filta italikamata. Maji yakigeuka manjano au kahawia, achana nayo. Jaribio la pili ni la usafi: gramu 32 zilizopimwa kwa mizani ya jikoni, ndani ya lita 10 za maji ya kunywa. Chumvi safi na kavu ingeongeza ppm 3,200 kwenye usomaji wa kipimo cha chumvi. Kikiongezeka 3,000 tu, basi karibu asilimia 6 ya unacholipia ni maji na vitu vingine. Tunaikubali chumvi hiyo; unaongeza kidogo kwenye hesabu yako na mambo yanakwenda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, kwa kuwa ppm moja ni gramu moja ya chumvi katika mita moja ya ujazo ya maji. Mashine nyingi za nyumbani hutaka kati ya 2,700 na 3,400, shabaha ikiwa 3,200. Zipo zinazotaka 4,000 na zaidi, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine yako. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, lina mita za ujazo 44.8. Zidisha kwa 3.2, unapata kilo 143. Wengi hapo hukimbilia viroba vitatu, na hapo ndipo watu wa pwani wanapokosea: maji ya kisima cha huku mara nyingi yana chumvi tayari. Yakiwa na 800 ppm, unahitaji kilo 108 tu. Pima maji kabla ya kufungua kiroba cha kwanza.

Zima mashine ya klorini, acha pampu ikizunguka. Tawanya chumvi kandokando ya upande wa kina kifupi. Usiimwage kwenye tundu la kufyonzea maji, maana itapita imekolea mno kwenye pampu na sahani. Chenga za majaruba ni kubwa na huyeyuka polepole kuliko chumvi laini, kwa hiyo zisukume kwa brashi mpaka sakafu iwe tupu. Zikilala juu ya saruji ya vigae zitaila. Weka theluthi mbili ya kiasi kwanza, zungusha maji saa 24, pima, ndipo umalizie. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kumwaga maji tu. Bwawa lililofika 4,500 linahitaji kubadilishiwa karibu asilimia 29 ya maji yake ili lirudi 3,200, tena kwa maji yasiyo na chumvi. Kisima cha chumvi hakitakusaidia hapo. Na usilikaushe bwawa lote wakati wa masika: maji ya ardhini yakiwa juu yanaweza kulinyanyua kutoka chini.

Chumvi haipandi hewani pamoja na mvuke. Hutoka kwa maji yanayorushwa na waogeleaji, kwa kuosha filta, kwa uvujaji, na kwa mvua inayofurisha bwawa. Mvua ya milimita 100 juu ya bwawa letu la mfano likiwa limejaa huishusha kutoka 3,200 hadi karibu 2,980, na kilo 10 zinatosha kuirudisha. Kiangazi mambo hugeuka. Likipoteza milimita 5 kwa siku na ukajazia maji ya kisima yenye 800 ppm, unaongeza karibu kilo 3.8 kwa mwezi bila kununua chochote.

Taa ya chumvi pungufu ikiwaka, usikimbilie kiroba. Mashine haipimi chumvi moja kwa moja, inakisia kwa umeme unaopita kati ya sahani, na sahani zenye ukoko au zilizochakaa husoma chini hata chumvi ikitosha. Pima kwanza kwa karatasi za kupimia chumvi au kipimo cha mkononi. Vikitofautiana sana na mashine, toa seli, yaani sehemu yenye sahani, uikague. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na ukoko mweupe ni jambo la kutarajiwa. Loweka kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya asidi ya haidrokloriki kwa nne za maji, ukimimina asidi ndani ya maji na kamwe si kinyume, kwa dakika 10 hivi hadi mapovu yakome. Vaa glavu na miwani. Usikwangue kwa chuma, utaondoa utando unaofanya sahani zifanye kazi. Ukitunza pH kati ya 7.2 na 7.6 ukoko hupungua sana, ila mashine hizi huipandisha pH zenyewe, hivyo ipime kila wiki.

Kiroba kilichofunguliwa kifunge vizuri, ukiweke juu ya mbao mbali na chumba cha pampu. Unyevu wa chumvi hutafuna nyaya na mota.